Wadhamini wa Harju

Port Adair, 8 Juni 1997

Shangazi Lempi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba masikio hayakusumbui kuliko yalivyokusumbua wakati wa Pasaka. Mimi ni mzima, ila miguu inaniuma kwa viatu nilivyovaa jana Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku niliyohitimu. Nilikuwekea kiti safu ya tatu, upande wa sikio lako zuri, kikabaki kitupu hadi mwisho. Nimeambiwa barabara ilikuwa safi na kwamba Toini wa hapo Harju alikuwa tayari kukuleta kwa gari lake. Sisemi zaidi. Baba angekuwa hai angekuja hata kwa trekta.

Kazi yangu ya kupiga chapa mahakamani inaendelea. Wiki mbili zilizopita niliandika kesi ya Eino Salmi, jirani yako. Kama unavyojua, yule bwana wa mjini aliyenunua nyumba ya kiangazi kando ya ziwa anadai kwamba sauna ya Eino, kile kibanda chake cha kuogea kwa mvuke, imejengwa ndani ya mpaka wake. Jaji alimuuliza Eino kama anakubali kwamba mpaka unapita pale. Eino akaitazama kofia yake. Unamjua, huyo ni mtu wa kufikiri kwanza. Jaji akangoja kama mtu anavyongoja mwenzake apige chafya, kisha akaniambia niandike kwamba mdaiwa hakupinga. Nikaandika. Vidole hivi hivi viliandika.

Shangazi, mtu wetu akinyamaza hajakubali kosa. Kila mtu wa Harju anajua hivyo, lakini pale juu kwenye kiti cha jaji hakuna anayejua. Nimeamua kusoma sheria. Nataka kuwa jaji.

Usicheke.

Binti wa kaka yako,
Senja


Harju, 15 Juni 1997

Mwanangu Senja,

Marahaba. Mimi sijambo. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linasikia mbwa na kengele ya kanisa tu. Kwa hiyo endelea kuandika, simu usipige. Hata ningesikia, neno lililosemwa kwenye simu halina mahali pa kusahihishwa.

Sikuja kwenye mahafali kwa sababu sikuona la kushangilia. Nilifundisha shule ya hapa miaka thelathini na minne, na wewe ulikuwa mwanafunzi pekee niliyemwandaa kwa chuo kikuu tangu darasa la tatu. Ukaenda chuo cha jamii cha miaka miwili, katika jengo moja na wanaojifunza kuchomelea vyuma na kusuka nywele, kwa ajili ya kijana mwenye pikipiki ya theluji. Kijana mwenyewe sasa hayupo, na pikipiki nasikia iko chini ya ziwa. Sasa unaniambia ujaji. Mtu huanza kupanda ngazi kwenye kidato cha kwanza, si kando ya ngazi.

Eino amebomoa sauna mwenyewe. Kila gogo ameliandika namba kwa chaki, akayapanga nyuma ya nyumba na kuyafunika kwa bati. Nilimuuliza kwa nini hakusema lolote mahakamani. Akavuta kiko chake hadi tumbaku ikaisha, kisha akasema, "Jaji aliuliza haraka."

Basi, soma hiyo sheria. Ukishindwa, usije kunililia. Ukifaulu, usijisifu kwenye kahawa ya kanisani. Barua yako nakurudishia pamoja na hii. Nimepigia mstari makosa sita kwa kalamu nyekundu.

Shangazi yako,
Lempi


Port Adair, 19 Novemba 2004

Shangazi Lempi,

Shikamoo. Hali yako? Nimesikia kutoka kwa Toini kwamba ulianguka kwenye ngazi za ghala na kwamba ulikataa kupelekwa kwa daktari. Naomba unijibu juu ya hilo, usiliruke kama kawaida yako. Mimi ni mzima.

Nimefaulu mtihani wa uwakili. Nimefaulu mara ya tatu, nami nakutajia hivyo kabla hujasikia kwa mwingine.

Unajua nusu tu ya safari hii, kwa kuwa barua zangu zilikuwa fupi. Chuo kikuu kilikubali nusu ya masomo yangu; nusu nyingine waliniambia niyarudie, kwani hesabu za chuo cha jamii kwao si hesabu. Nikarudia. Sheria niliisoma jioni, na mchana nilikuwa nafua mashuka ya hospitali. Mara ya kwanza nilianguka mtihani kwa alama nne. Mara ya pili kwa moja. Siku ile nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho mpaka kioo kikafunikwa na theluji, nisiweze hata kuwasha injini.

Sasa nimerudi Port Adair. Nimeajiriwa kuwatetea wasio na uwezo wa kuajiri wakili. Nina kesi mia moja na arobaini, na kabati moja lisilofungika. Mawakili wenzangu huulizana walikosoma kama watu wanavyoulizana hali ya hewa. Nikisema nilianzia chuo cha jamii, anayeuliza hutazama kikombe chake. Wamenipa jina la Fundi. "Fundi, mlango wa mahakama unalia, utie mafuta." Prentiss Hale, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mawakili hapa hapa, husema hivyo kila Jumatatu, na kila Jumatatu wengine hucheka upya.

Nimechoka, Shangazi. Si mara nyingi nakuacha ujue hivyo.

Binti wa kaka yako,
Senja


Harju, 28 Novemba 2004

Mwanangu Senja,

Marahaba. Nyonga imepona. Daktari angesema nipumzike, nami nilipumzika bila kumlipa mafuta ya gari Toini.

Makosa ya barua yako ni mawili tu, tena la pili si kosa bali ni uvivu.

Hao wanaokuita Fundi, waache. Fundi ni mtu anayeijua kazi. Baba yako aliitwa fundi na wachimbaji wote wa mgodi wa shaba, na hakuna aliyekuwa anacheka pale mbao za juu zilipoanza kulia.

Nilimsomea Eino barua yako. Mikono yake sasa inatetemeka vibaya, malipo ya miaka ishirini na mitano ya kushika keekee ya kutobolea mwamba chini ya ardhi. Kikombe anakishika kwa mikono miwili na bado kahawa inamwagika. Aliuliza jambo moja tu: utakuwa jaji lini? Nikamwambia kwamba jaji aliyeko bado ana afya njema. Eino akasema, "Hasara."

Magogo yake bado yako chini ya bati.

Usichoke kabla ya wakati.

Shangazi yako,
Lempi


Port Adair, 2 Aprili 2012

Shangazi Lempi,

Shikamoo. Natumaini umeuvuka msimu wa baridi salama na kwamba kuni zimetosha. Huku theluji ya kando ya barabara bado inafika kiunoni, nyeusi kama masizi.

Jaji anastaafu. Kiti kitapigiwa kura Novemba, na Prentiss Hale amekwisha kujitangaza. Mimi pia nitagombea. Chama cha mawakili kimetupima wote wawili. Yeye wamemwandika kuwa anafaa sana. Mimi wameniandika kuwa sijafikia kiwango. Nimesimama mbele ya mahakama ile mara elfu nne, Shangazi, nimehesabu. Yeye hajasimama mara mia mbili. Nilimuuliza mwenyekiti wao kiwango ni kipi. Akaniambia kwa upole sana kwamba ni suala la malezi ya kitaaluma.

Sasa nina haja na wewe. Ili jina langu liwekwe kwenye karatasi ya kura nahitaji wadhamini mia nne, wapiga kura wa wilaya hii, kabla ya saa kumi jioni ya Jumanne tarehe 24. Nimekusanya mia tatu na ishirini kwa kugonga milango kila jioni baada ya kazi. Milango mingine nimefungiwa usoni. Naomba Harju unikusanyie wewe, kwa kuwa hakuna mtu wa huko atakayekukatalia.

Fomu nimezitia ndani ya bahasha hii. Kila mtu atie saini kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya macho yako. Chini ya kila fomu utaweka saini yako, nayo ni kiapo kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sitalirudia hili, kwani wewe ndiye uliyenifundisha kusoma maelekezo kabla ya kujibu swali.

Binti wa kaka yako,
Senja


Harju, 21 Aprili 2012

Mwanangu Senja,

Marahaba. Ni mzima kuliko nilivyokuwa miaka kumi iliyopita.

Fomu atakuletea Toini Jumatatu, akija kwa daktari wa macho. Barua hii naitia posta, kwa sababu Toini husoma visivyo vyake hata kwa macho yale.

Majina ni mia moja na kumi na nane. Mtu wa mjini angetumia mwezi mzima. Mimi nilitumia Jumapili moja, kwenye kahawa ya baada ya ibada, na asubuhi mbili kwenye duka la ushirika. Nilisimama kwenye kichwa cha meza, karibu na mkate wa iliki, nikasema kwamba hakuna atakayekata kipande kabla fomu haijamfikia. Arvo Pelto aliuliza kama jaji huvaa suruali chini ya joho. Nikamwambia kwamba swali hilo alikuwa nalo tangu darasa la nne na kwamba atie saini.

Alitia, na ya Hilja pia, maana mkewe alikuwa kitandani na kifua, na ya wanawe wawili walioko msituni wakikata magogo. Eino alijaribu, kalamu ikatoboa karatasi. Sylvi aliyekaa jirani yake akamwandikia, na mzee akatikisa kichwa kwamba sawa. Kwenye ushirika ilikuwa rahisi zaidi. Unajua daftari letu: aliyekuja dukani huwatilia saini wote wa nyumba yake, na imekuwa hivyo tangu babu zetu walipoufungua. Watu walizijaza fomu kama wanavyolijaza daftari, kaya kwa kaya, bila fujo wala foleni.

Nimeweka saini yangu chini ya kila fomu kwa wino mweusi. Hakuna iliyokunjwa pembe.

Sikukwambia siku ile ya mahafali yako, nami sitalisema mara mbili: ningepaswa kuja.

Shangazi yako,
Lempi


Port Adair, 25 Aprili 2012

Shangazi Lempi,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umeketi.

Toini alinifikishia fomu juzi. Jana saa nane niliziwasilisha kwa karani, zote, majina mia nne na thelathini na manane. Karani alipiga muhuri. Barua yako imefika leo asubuhi.

Sikukasirikii. La, nimekasirika, na sijui kwa nini naficha. Niliandika: kwa mkono wake mwenyewe. Niliandika: ni kiapo. Saini ya Hilja iliyoandikwa na Arvo si saini ya Hilja, hata kama wameishi pamoja miaka arobaini na mitano. Eino angeweza kuweka alama tu, nayo ingekubaliwa. Sisi Harju tunaliona daftari la ushirika kuwa jambo la kawaida. Mahakamani jambo hilo linaitwa kiapo cha uongo.

Sikiliza sasa jinsi mambo yalivyo. Hakuna aliyezipinga fomu. Hale hajazitazama. Tunaojua ni mimi na wewe. Lakini nataka kuketi kwenye kiti ambacho kazi yake ni kuwauliza watu kama wamesema kweli, na siwezi kukifikia kwa njia hii.

Nimemuuliza karani, bila kutaja mahali. Mgombea anaweza kuyaondoa majina yenye kasoro yeye mwenyewe, mradi atoe idadi kamili kwa maandishi na aliyekusanya aithibitishe. Mwisho ni Jumanne ijayo, tarehe 1 Mei, saa kumi. Nina majina thelathini na manane ya ziada. Kama saini zilizotiwa na mkono wa mwingine hazizidi thelathini na nane, nitaziondoa na nitabaki kwenye kura. Zikizidi, najiondoa.

Naomba idadi tu, Shangazi. Hata sababu sitaki. Ni ngapi?

Binti wa kaka yako,
Senja


Harju, 27 Aprili 2012

Senja,

Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Nina umri wa miaka sabini na minne. Nimesahihisha insha za wilaya nzima hii, na sijawahi kumwongezea mtoto alama hata moja, hata baba yako. Sasa wewe unaniandikia kwamba nimeapa uongo. Unaniuliza idadi kama askari anavyomuuliza mwizi wa kuku.

Je, Arvo si mume wa Hilja? Je, kuna hata mmoja kati ya hao ambaye hakutaka jina lake liwepo? Hilja angetambaa kutoka kitandani kama ningemwomba. Eino amengoja miaka kumi na mitano. Umesoma mpaka umeisahau maana ya mtu kumjua jirani yake. Hao waliokuandika kwamba hujafikia kiwango watacheka wiki nzima, na safari hii utakuwa umewapa wewe mwenyewe sababu.

Hakuna aliyeuliza. Umesema mwenyewe hakuna aliyeuliza. Nyamaza, ugombee, ushinde, kisha uwe jaji mwema kadiri upendavyo.

Kama utajiondoa, usiniandikie tena.

Lempi Rautio


Port Adair, 6 Mei 2012

Shangazi Lempi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Umeniambia nisiandike, nami naandika.

Jumatatu nilikuja Harju. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la jiko na viatu vyako vya mpira vilikuwa nje ya mlango. Najua husikii ukigongewa, kwa hiyo nilisimama mbele ya dirisha la jikoni. Pazia lilisogea, kisha likarudi mahali pake.

Nilikwenda kwa Arvo. Alinipa kahawa na mkate, akanieleza jinsi barafu ya ziwa ilivyochelewa kuvunjika mwaka huu. Nilipomuuliza juu ya saini, alinieleza tena juu ya barafu. Sylvi alinionyesha soksi anazofuma. Eino alinitazama muda mrefu, machozi yakamjaa, akaenda kuchanja kuni kwa mikono ile. Nyumba tisa, Shangazi. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa walidhani wanakulinda. Nilirudi maili sitini bila namba, na siwezi kuthibitisha namba nisiyokuwa nayo.

Jumanne, saa tisa na nusu, nilijiondoa. Niliandika kwamba fomu za Harju zina kasoro kwa ujinga wa utaratibu na si kwa hila. Jina lako liko chini ya kila fomu, sikuweza kulificha. Mwendesha mashtaka ameniambia kwamba atamtuma askari aje kukuonya kwa mdomo na kwamba jambo halitazidi hapo. Hale alinipigia simu kunishukuru kwa uungwana wangu. Nilimsikia mtu akicheka nyuma yake.

Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka sita.

Sijui ningefanya nini tofauti. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Binti wa kaka yako,
Senja


Port Adair, 20 Desemba 2013

Shangazi Lempi,

Shikamoo, na heri ya Noeli. Hii ni barua ya tatu ninayokuandikia bila jibu. Ya kwanza na ya pili hazikurudi, kwa hiyo nadhani zimefika. Toini anasema u mzima na kwamba kwenye kahawa unakaa mwisho wa meza, karibu na mlango. Zamani ulikaa kwenye kichwa.

Hale ni jaji wa haraka. Wateja wangu wakitoka mbele yake huniuliza, "Nimesema nini?" Nami huwaambia kwamba hawakusema kitu. Naendelea na kazi.

Nimekuwekea soksi na pakiti mbili za iliki.

Binti wa kaka yako,
Senja


Port Adair, 11 Novemba 2018

Shangazi Lempi,

Shikamoo. Hii ni ya saba. Natumaini macho bado yanasoma.

Huenda umekwisha kusikia. Nimeshinda kwa kura sitini na moja. Zilihesabiwa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nje nikiwa nimezitafuna kucha zote. Chama cha mawakili kiliniandika tena kwamba sijafikia kiwango. Nimeikata karatasi hiyo na nitaitia kwenye fremu.

Lakini nilitaka kukuandikia juu ya Aprili ya mwaka huu. Nilikuja Harju mwenyewe na fomu zangu, siku ya kahawa. Hukuwapo. Kikombe chako kilikuwa mwisho wa meza, kimegeuzwa chini juu. Nilijiandaa kuwaeleza utaratibu, hotuba nzima nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitumia. Arvo alishika kalamu, akatia saini yake, kisha akaitua na kutoka nje kumfuata Hilja kwenye gari. Akaja naye amemshika mkono, kwa kuwa sasa hatembei vizuri, naye akatia ya kwake. Sylvi aliandika jina lake akarudisha mikono mapajani. Eino aliomba fomu iwekwe juu ya Biblia isiteleze. Alitumia dakika nne. Nilikuwa naona kila kidole mezani kikitamani kumsaidia, na hakuna hata kimoja kilichosogea. Mwishoni palikuwa na msalaba, umepinda kama mti wa kando ya ziwa. Ni saini nzuri kuliko zote nilizopata.

Niliuliza ni nani aliyewafundisha. Wote wakautazama mkate.

Nitaapishwa tarehe 2 Januari, saa nne asubuhi. Nimekuwekea kiti, safu ya tatu. Sina ninaloomba zaidi.

Binti wa kaka yako,
Senja


Harju, 18 Novemba 2018

Mwanangu Senja,

Marahaba. Niko hai. Macho yanasoma kwa kioo cha kukuzia, nyonga inauma mvua ikikaribia, sikio la kulia nalo limekwenda. Barua zako saba zote ninazo. Sikuzitia wino mwekundu.

Askari aliyekuja mwaka ule alikuwa Dale, yule niliyemfundisha darasa la pili. Alivua kofia mlangoni na kunisomea onyo kutoka kwenye karatasi, polepole, akifuata mstari kwa kidole kama nilivyomfundisha. Gari lake lilisimama uani nusu saa, na Harju yote ililiona. Nilikuchukia miezi mitano. Baada ya hapo sikuwa na wa kumchukia ila mwenyewe, na hilo huchukua muda mrefu zaidi.

Mwaka uliofuata nilisimama kwenye mkutano wa ushirika nikataka kila mwanachama atie saini yake mwenyewe kwenye daftari. Walicheka. Arvo aliuliza kama na ng'ombe watie. Nilisimama tena mwaka wa pili, na wa tatu. Mwaka wa tatu walikubali ili niketi. Hilja aliandika jina lake kwenye daftari lile kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akaniuliza kama ameandika vizuri. Ndiyo maana walijua. Aprili ya mwaka huu sikuja kwenye kahawa kwa sababu sikutaka mtu adhani kwamba anatia saini kwa kuniogopa mimi. Nami sikuja kutia ya kwangu. Saini yangu ilikuwa imeapa uongo mara moja, na sikutaka ikae jirani na ya Eino.

Uliniuliza swali tarehe 25 Aprili 2012 nami sikulijibu. Jibu ni thelathini na moja.

Nilizihesabu kichwani siku ile ile barua yako ilipofika, kabla ya kumenya viazi. Nilihesabu mara mbili. Ulikuwa na za ziada thelathini na nane, na mimi nilijua hesabu ya kutoa. Nilijua kwamba ningekuandikia neno moja ungebaki kwenye kura. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na namba ile mdomoni. Kuiandika kungekuwa kukiri kwamba Lempi Rautio hakusoma maelekezo. Nikaona ni afadhali wewe ukose miaka sita kuliko mimi nikose alama moja. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunisamehe au usitake, utaniambia uso kwa uso, na useme taratibu niusome mdomo wako.

Kiti cha safu ya tatu nitakuja kukikalia. Toini haendeshi tena. Arvo atanileta, na Eino atakaa nyuma.

Zamani uliniandikia kwamba mtu wetu akinyamaza hajakubali kosa. Uliandika vizuri, ila si kweli kila mara. Mimi nilikuwa nimekubali tangu siku ile, na nilinyamaza miaka sita na nusu. Kwa hiyo mtu wa Harju akisimama mbele yako na kuitazama kofia yake, usidhani kwamba amekataa, wala usidhani kwamba amekubali. Muulize tena. Kisha mngoje.

Shangazi yako,
Lempi